Kuishika COM1 kwa Mkono: Mwongozo wa Rejista za Poti ya Seriali

Mizani ya dukani ilisema kilo 12.450. Programu yangu ikaandika 1.450. Si kila mara. Labda mara moja kwa siku, na daima mteja akiwa amesimama mbele ya kaunta. Nilikuwa nimeweka ukaguzi wa makosa kwa uangalifu wote, na ukaguzi ule uliapa kwamba hakuna kosa lolote lililotokea kwenye waya. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kompyuta, nusura nibadilishe kazi. Kosa lilikuwepo. Ni mimi niliyekuwa nalifuta kabla sijalitazama.

Rejista za poti ya seriali, yaani vijisanduku vya namba ndani ya chipu inayoiendesha poti, si kama kumbukumbu ya kawaida. Kumbukumbu ukiisoma mara 100 utaikuta vilevile. Rejista hizi ukizisoma umezigusa: herufi uliyoisoma imeondoka, na alama ya kosa uliyoiona imezimika. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya mambo mengine ni kukariri namba tu. Ndiyo maana katika mwongozo huu hatutaanza na programu. Tutaanza kwa kuishika chipu yenyewe kwa amri za herufi moja moja, tuone inavyojibu.

Utakachohitaji

Kompyuta yenye tundu la COM (jina la poti ya seriali kwenye PC) la pini 9, iwashwe kwa DOS au FreeDOS. Mashine kuukuu iliyolala stoo inafaa kuliko mpya. Kama huna, QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, inaigiza poti hii vizuri. Iwashe na diski ya FreeDOS hivi:

qemu-system-i386 -hda freedos.img -serial stdio

Usitumie dirisha la DOS lililo ndani ya Windows XP na ndugu zake. Pale hukutani na chipu, unakutana na kivuli chake, kwa sababu mfumo unazuia programu kugusa poti moja kwa moja. Adapta ya USB nayo haitakusaidia: inakupa COM kwa jina, lakini ndani haina rejista hizi mahali tunapozitafuta. Tena, kama kipanya chako kimechomekwa COM1, fanya majaribio haya kwenye COM2.

Ukishafika kwenye alama ya DOS, andika debug kisha Enter. Itatokea kistari. Hapo amri i inasoma poti na amri o inaandikia poti. Namba zote ni za heksadesimali, yaani za msingi wa 16.

Hatua ya 1: Tafuta poti inapokaa

BIOS, programu ya kwanza kukimbia kompyuta inapowashwa, huandika anwani za poti ilizozikuta mwanzoni kabisa mwa eneo lake la kumbukumbu. Zichungulie:

d 40:0 l 8

Kwenye mashine yenye poti mbili utaona F8 03 F8 02 00 00 00 00. Baiti ya chini hutangulia, kwa hiyo F8 03 inasomwa 3F8. Hiyo ndiyo COM1. Anwani za kawaida ni hizi:

COM1: 3F8, IRQ 4
COM2: 2F8, IRQ 3
COM3: 3E8, IRQ 4
COM4: 2E8, IRQ 3

Utaona COM1 na COM3 zinagawana IRQ moja, yaani laini ambayo kifaa huitumia kumkatiza prosesa kazi yake. Kwenye basi ya ISA, ile njia ya zamani ya kuunganisha kadi, kugawana huko kulileta mateso yake: kipanya COM1, modemu COM3, na ukipiga simu tu kipanya kinaganda.

Sasa hakikisha kuna chipu kweli mahali hapo. Rejista ya mwisho, 3FF, haina kazi yoyote. Ni ubao wa kuandikia tu.

o 3ff 5a
i 3ff

Ukipata 5A, kuna mtu nyumbani. Ukipata FF, mara nyingi hakuna kitu kwenye anwani hiyo, au poti imezimwa kwenye BIOS. Ile chipu ya kwanza kabisa, INS8250 ya National Semiconductor iliyoingia kwenye IBM PC ya 1981, haikuwa na ubao huu. Ubao ulikuja na matoleo ya baadaye, kama 16450, ile ya IBM PC/AT ya 1984. Baadaye ikaja 16550 yenye foleni ya baiti 16, lakini foleni ya toleo la kwanza ilikuwa na kasoro. 16550A ndiyo iliyoiponya. Siku hizi chipu hiyo haionekani peke yake kwenye ubao mama. Imemezwa na chipu kubwa zaidi, ila rejista zimebaki kwa mpangilio uleule, na programu ya enzi za 8250 bado itaelewana nayo.

Hatua ya 2: Elewa nyumba 8 zenye wapangaji 12

Poti moja ina anwani 8, kuanzia 3F8 hadi 3FF. Rejista ni 12. Hapa ndipo wengi hupotea.

Kwanza, kuna anwani ambazo kusoma na kuandika ni vitu viwili tofauti. Ukiandika 3F8 unampa THR herufi ya kutumwa. Ukisoma 3F8 unapewa RBR, herufi iliyopokelewa. Hazihusiani kabisa. Usitarajie kusoma ulichoandika, kama vile barua uliyoitupa posta hairudi kwenye sanduku lako. Vivyo hivyo 3FA: ukiisoma ni IIR, inayokwambia nani amekatiza, ukiiandikia ni FCR, inayoongoza foleni.

Pili, kuna ufunguo. Biti ya 7 ya rejista ya 3FB, inayoitwa DLAB, ikiwekwa 1, anwani 3F8 na 3F9 zinabadilisha wapangaji: badala ya herufi na ruhusa za kukatiza, unakuta baiti mbili za kigawanyo cha kasi, DLL na DLM. Ikirudi 0, wapangaji wa kawaida wanarejea.

Zilizobaki hazina ujanja. 3F9 ni IER, ruhusa za kukatiza. 3FB ni LCR, umbo la herufi kwenye waya. 3FC ni MCR, waya za kumwashiria mwenzako. 3FD ni LSR, hali ya mstari. 3FE ni MSR, ishara zinazotoka kwa mwenzako.

Hatua ya 3: Weka kasi na umbo la herufi

Chipu inapigiwa mapigo na fuwele (kristali) ya 1.8432 MHz. Inagawanya kwa 16, inapata 115200. Kisha inagawanya kwa namba utakayoipa wewe. Basi kigawanyo ni 115200 ukigawa kwa kasi unayotaka, kwa biti kwa sekunde: 9600 ni 12, 19200 ni 6, 57600 ni 2, na 115200 yenyewe ni 1. Kwa 300 ni 384, yaani 180 kwa heksadesimali, na ndiyo maana zinahitajika baiti mbili. Usiandike sifuri.

Tuweke 9600, biti 8, bila pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa), biti 1 ya kufunga, mpangilio ambao utaukuta kwenye poti za konsoli za rauta nyingi:

o 3f9 00
o 3fb 83
o 3f8 0c
o 3f9 00
o 3fb 03

Mstari wa kwanza unazima ruhusa zote za kukatiza ili tufanye kazi kwa amani. Wa pili unafungua ufunguo: 83 ni 10000011, yaani DLAB pamoja na biti mbili za mwisho zinazosema "herufi ya biti 8". Kisha baiti ya chini ya kigawanyo, baiti ya juu, na mwisho 03 inafunga ufunguo na kubakiza umbo. Ukikutana na kifaa kinachotaka biti 7 na pariti shufwa, LCR ni 1A.

Ukisahau mstari ule wa mwisho hakuna kitakacholalamika. Utaandika herufi "A" kwenye 3F8, nayo ni 41 kwa heksadesimali, yaani 65. Lakini ufunguo uko wazi, kwa hiyo hujatuma chochote; umeweka kigawanyo 65, na poti sasa inakimbia kwa kasi ya 1772 hivi, kasi ambayo hakuna kifaa duniani kinachoitarajia. Ukiona poti iliyokuwa nzima imegeuka kuwa bubu ghafla baada ya "kubadilisha kitu kidogo tu", soma 3FB kabla ya jambo lolote.

Hatua ya 4: Washa foleni

Hata 16550A inapowaka, foleni yake imezimwa. Ilifanywa hivyo makusudi ili programu za 8250 zisishtuke. Maana yake, kama hukuiwasha mwenyewe, una nafasi ya herufi moja tu ya kusubiri.

o 3fa 87
i 3fa

87 inawasha foleni, inasafisha pande zote mbili, na kusema "niite zikifika herufi 8". Wengi huandika C7, yaani subiri hadi 14. Sipendi. Kwa 115200 herufi moja hupita kwa mikrosekunde 87 hivi, na ukiitwa ya 14 ikiwa imeshaingia, umebakiwa na nafasi mbili. 8 inakupa pumzi.

Jibu la i linatakiwa kuwa C1. Biti mbili za juu zikiwa 11, una 16550A au mfano wake. Ikirudi 81, umeangukia ile yenye foleni mbovu: izime kwa o 3fa 00 na uishi bila foleni. Ikirudi 01, chipu haina foleni kabisa.

Hatua ya 5: Jisemeshe mwenyewe

Chipu ina njia ya kuunganisha mdomo wake na sikio lake kwa ndani, bila waya. Ni biti ya 4 ya MCR. Ukiiwasha, hakuna kinachotoka nje; kifaa kilichochomekwa hakisikii kitu.

o 3fc 1a
i 3fe
i 3fe

1A imewasha mzunguko wa ndani pamoja na ishara mbili, RTS na OUT2. Kwa ndani RTS inarudi kama CTS, na OUT2 inarudi kama DCD, hivyo nusu ya juu ya MSR itakuwa 9. Angalia nusu ya chini. Kwenye chipu halisi, kusoma kwa kwanza kunaweza kukupa 99, na kwa pili 90. Ile 9 ya chini ilikuwa inasema "ishara hizi mbili zimebadilika tangu uliponisoma mara ya mwisho", na kwa kuwa umeshasoma, habari imeisha. Kwenye mashine ya kuigiza utakuta 90 tangu mwanzo, maana waigizaji huruka madoido kama haya.

Sasa tuma herufi:

o 3f8 41
i 3fd
i 3f8
i 3fd

Utapata 61, kisha 41, kisha 60. Chipu iliyotulia hujibu 60: biti ya 5 inasema THR iko tupu, na biti ya 6 inasema hata biti ya mwisho imeshatoka. Ile 1 iliyoongezeka ni biti ya 0, "una herufi". Ulipoisoma 3F8, herufi ikaondoka na biti ikazima. Hakuna amri ya "nionyeshe lakini usichukue".

Tuzame sasa kwenye kosa langu la mizani. Zima foleni, kisha tuma herufi mbili bila kusoma katikati:

o 3fa 00
o 3f8 41
o 3f8 42
i 3fd
i 3fd
i 3f8

Ya kwanza itasema 63. Biti ya 1 imewaka: herufi imekanyagwa kabla haijachukuliwa. Ya pili itasema 61. Kosa limetoweka! Wala halijarekebishwa, limefutwa kwa sababu umelisoma. Na 3F8 itakupa 42. Ile 41 haipo tena popote. Biti za 1 hadi 4 zote zina tabia hiyo: kukanyagwa, pariti mbaya, herufi iliyofungwa vibaya, na mstari uliokatika.

Hatua ya 6: Andika programu isiyojiibia

Programu yangu ya mizani ilikuwa na kazi mbili. Moja ilisubiri biti ya 5 ya 3FD iwake, kisha ikatuma herufi ya kuomba uzito. Nyingine ilisoma 3FD, ikakagua makosa, ikachukua herufi. Kila moja peke yake ilikuwa safi. Lakini ile ya kutuma ilizunguka ikisoma 3FD tena na tena, na kila ilipoisoma ilifuta makosa ya upande wa kupokea bila hata kuyatazama. Kwa 9600 herufi hupita kila milisekunde moja hivi. Programu ikichelewa kuchora kioo tu, herufi imekanyagwa, na ushahidi umefutwa na mstari unaoshughulika na mambo mengine kabisa.

Dawa ni kusoma 3FD mahali pamoja na kuweka akiba ya makosa, hivi kwa lugha ya C:

unsigned char makosa = 0;

unsigned char soma_hali(void)
{
    unsigned char hali = inp(0x3FD);
    makosa |= hali & 0x1E;
    return hali;
}

void tuma(unsigned char c)
{
    while (!(soma_hali() & 0x20))
        ;
    outp(0x3F8, c);
}

int pokea(void)
{
    if (soma_hali() & 0x01)
        return inp(0x3F8);
    return -1;
}

Kwingine kote kwenye programu, mtu yeyote asiguse 3FD. Anayetaka kujua makosa aulize makosa, na akishayashughulikia ayarudishe sifuri mwenyewe. Kabla ya kutumia programu hii toa mzunguko wa ndani na uinue ishara za kawaida: o 3fc 0b.

Ukitaka kukatizwa badala ya kuzunguka

Hapa nitakwenda haraka, maana anayefika hapa ameshajua kuandika kishughulikia chake. Kwa COM1 ni kikatizi 0C, na biti ya 4 kwenye poti 21 lazima iwe 0. Andika 05 kwenye IER ili uitwe kwa herufi na kwa makosa.

Mambo mawili huwakwamisha watu. La kwanza ni OUT2. Kwenye PC, biti hiyo ya 3 ya MCR ndiyo komeo kati ya chipu na laini ya IRQ. Unaweza kupanga kila kitu sawasawa, na bila hiyo biti usiitwe hata mara moja. Ile 0B hapo juu tayari imeibeba.

La pili: kidhibiti cha vikatizi kwenye basi ya ISA husikia mlango unapogongwa, si unapoendelea kushikiliwa. Ndani ya kishughulikia soma IIR, shughulikia, soma tena, hadi biti ya 0 iwe 1. Foleni ikiwa imewashwa, C4 ni herufi zimefika idadi. CC ni herufi chache zimekaa foleni bila wenzao kuja. C6 ni kosa, nalo hujibiwa kwa kusoma 3FD. Ukiondoka na ombi moja halijajibiwa, laini inabaki juu, haitagongwa tena, na poti inanyamaza mpaka uianzishe upya. Ukimaliza, andika 20 kwenye poti 20.

Hatua ya 7: Pini ya 2 na ya 3

Jaribio la ndani linathibitisha chipu pekee. Kati ya chipu na tundu kuna kipande kingine kinachogeuza volti za kompyuta kuwa volti chanya na hasi za RS-232, kiwango cha mawasiliano ya seriali, na hicho ndicho hufa kwa radi na kwa kuchomeka nyaya vifaa vikiwa vimewaka.

Chomoa kila kitu. Chukua kipande kidogo cha waya na uunganishe pini ya 2 na ya 3 kwenye tundu la pini 9. Kwenye tundu kubwa la pini 25 ni hizohizo, 2 na 3. Rudi kwenye DEBUG, washa foleni, zima mzunguko wa ndani, kisha rudia:

o 3fa 87
o 3fc 0b
o 3f8 41
i 3fd
i 3f8

Ikija 61 na 41, poti ni nzima hadi kwenye tundu. Mtafute mchawi kwenye waya au kwenye kifaa cha pili. Ikija 60 tu, na jaribio la ndani lilipita, kipande cha volti kimekufa, au utepe unaotoka kwenye ubao mama hadi kwenye tundu umechomekwa kinyume. Angalia utepe kwanza. Tepe hizo hazikutengenezwa kwa mpangilio mmoja, na ule uliotoka kwenye mashine nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa na bado ukapeleka pini mahali pasipo pake.